Kijidudu cha Malale Chenye Urefu wa Tabora Hadi Shinyanga

Nimeaibika leo, ndugu zangu, tena mbele ya mtu ninayetaka aniozeshe binti yake. Nawaandikia mapema msije mkayasikia kwa wengine, maana mtaa mzima wa Kanyenye wameshajua.

Leo ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu. Mkuu wa shule, Mwingereza asiyependa maelezo marefu, alitaka nifundishe somo moja wazazi wakitazama. Nikachagua kuandika namba kwa vipeo vya kumi. (Hakuna aliyenilazimisha. Nilichagua mwenyewe.) Wiki nzima nimejizoeza maswali ya sayansi: umbali wa jua, kasi ya mwanga, unene wa unywele.

Saa nne wazazi wakaingia. Mbele kabisa akakaa Mzee Ramadhani, dereva wa lori, baba yake Zuhura. Posa yangu iko kwake tangu mwezi uliopita, naye kimya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakunja mikono kifuani.

Swali la jua likaenda vizuri. Mita 150,000,000,000. Nikahesabu hatua za nukta kwa sauti, nikaandika 1.5 × 10¹¹. Wazazi wakanong'onezana kwa kuridhika, na mimi kichwa kikavimba. Nikaandika la pili: kijidudu cha malale, kile anachobeba mbung'o, kina urefu wa mita 0.00002. Nikasogeza nukta mara tano, nikaandika 2 × 10⁵, nikapigia mstari. Miwili.

Mzee Ramadhani akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo tano ndogo ya juu inasemaje?"

"Inasema mbili uizidishe kwa kumi mara tano, mzee."

"Basi zidisha tuone."

Nikazidisha. (Kwa furaha, na hilo ndilo linaloniuma.) Mita laki mbili.

"Mita mimi sizijui. Kwa maili?"

Mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nikageuza kuwa maili, na njia nikaonyesha ubaoni. Mia moja ishirini na nne.

Mzee akafikiri kidogo. "Hiyo ni safari yangu ya kutoka hapa Tabora hadi Shinyanga. Na mbung'o wa njia ile nawajua, mwalimu. Hakuna wa kubeba mzigo huo."

Darasa zima likaangua kicheko. Mkuu wa shule, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye kuagiza chai, akaomba atafsiriwe, kisha naye akacheka peke yake, kwa muda mrefu.

"Nimesahau alama ya hasi," nikasema, huku nafuta ubao kwa mkono wa koti nililoazima. "Ni kistari kidogo tu, mzee."

"Na pedali yangu ya breki ni ndogo tu," akajibu.

Nikaandika 2 × 10⁻⁵, nikaeleza kwamba kipeo hasi ni kugawanya. Hakuna aliyesikiliza.

Baadaye nikamkuta nje, karibu na lori lake. Nikajua jibu la posa limeiva, na ni chungu.

"Ulipokosea hukumsingizia mtu," akasema. "Zuhura nakupa. Ila tarehe ya harusi nitaiandika mimi."

Nikamshukuru. Ningebisha kwa uso gani?

Basi karibuni harusini. Kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana mbele ya wakwe sina aibu nyingine iliyobaki.