Mawe ya Esteri

Jumatatu, 9 Machi 2026. Kumsenga.

Redio imetangaza: wiki hii mvua kubwa, upepo mkali, huenda na mvua ya mawe, Kibondo yote mpaka Kasulu. Wafugaji waimarishe mabanda. Mfugaji si ndiyo mimi! Nina mbuzi. Mmoja. Lakini huyo si wa kuchezea: ni Bihogo, mbuzi wa marehemu mke wangu Esteri. Bihogo ni jina la ng'ombe. Esteri alitamani ng'ombe maisha yake yote, sikumpatia, basi akampa mbuzi jina la ng'ombe, yakaisha. Sasa Bihogo ana mimba, siku yoyote anazaa. Binti yetu Ininahazwe amepiga simu kutoka Kasulu. Anasema mama alituachia huyo tu, baba nakuomba. Nimemwambia atulie, baba yake ana akili.

Jumanne, 10 Machi

Jirani yangu Ndayikeza amekuja, hakuna aliyemwita. Amekagua banda langu utadhani bwana mifugo. Eti misumari imeliwa na kutu, upepo ukija bati linaondoka. Eti Bihogo akalale kwake mpaka mvua ipite, kwake ni matofali. Ana huruma huyo! Namjua mimi. Huku kwetu ukimpeleka mbuzi kwa mtu, akalala kwake na kula majani yake, hiyo ni kuragiza. Akizaa, mwenye banda ana fungu lake. Nimemjibu asante jirani, nimeshajipanga. Sijajipanga chochote. Akaniachia nyundo na misumari kibarazani. Nimevirusha vyote juu ya ua wake. Leo misumari, kesho atadai mguu wa mbuzi.

Jumatano, 11 Machi

Nimepata! Mawe juu ya bati. Jiwe halishiki kutu, na halina mwenyewe.

Shida ni kwamba hapa petu ni udongo mtupu. Nimezunguka mpaka kiuno kimegoma. Mawe mazuri, mazito, yaliyolingana, yapo mahali pamoja tu: nyuma ya nyumba, yamelizunguka kaburi la Esteri. Niliyapanga mwenyewe. Nikaenda kumwomba ruhusa. Nilimweleza wazi kwamba ni kwa ajili ya Bihogo, na mvua ikipita yatarudi yote. Hakukataa. Angekuwa hai angenicheka kwanza, halafu angekataa, halafu angekwenda kwa Ndayikeza kuazima nyundo. Nilikaa pale kidogo. Kaburi likiondolewa mawe linaonekana dogo sana, sikujua. Lile la kichwani, lenye jina lake, nimeliacha.

Alhamisi, 12 Machi

Mawe yapo juu ya bati, yamepangika, raha kuyatazama. Bihogo ndiye mkorofi. Hataki kuingia. Kila nikigeuka amekwenda uani kwa Ndayikeza. Msaliti! Nimemfunga kwenye nguzo ya katikati, kamba fupi, asiniaibishe.

Ndayikeza alichungulia, akauliza mawe yale nimeyatoa wapi. Nikasema nimeagiza. Akatazama nyuma ya nyumba yangu. Akavua kofia, akaenda zake. Wivu huo.

Ijumaa, 13 Machi

Ilikuja mchana. Giza, upepo, kisha barafu zinaanguka, nyingine kubwa kama mbegu za parachichi. Mana yanje, Mungu wangu! Bati likainuka upande mmoja. Mawe yote yakateremka upande wa pili, bati likalemewa, yakaporomokea ndani. Nilisikia sauti ya Bihogo mara moja tu. Nikakimbia na sufuria kichwani. Ndayikeza alikuwa ameshafika, hana sufuria wala nini, damu inamtoka kwenye paji la uso, anakata kamba yangu fupi.

Bihogo alikuwa anapumua bado. Ndayikeza akamvuta mtoto kwa mikono yake, mle mle kwenye matope. Jike. Bihogo alimlamba sikio, akaacha. Ndiyo basi.

Mvua haikumuua. Aliuawa na mawe ya Esteri mwenyewe, na aliyeyapandisha ni mimi. Nililia mbele ya Ndayikeza, sikuona haya. Naye alilia. Kisha akavua koti, akamfunga mtoto, akampeleka kwake. Ana mbuzi anayenyonyesha.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemzika Bihogo karibu na Esteri. Majirani wameshangaa, nyama yote ile! Niliwaambia waniache.

Ininahazwe amepiga. Nimemwambia ni mvua ya mawe. Si uongo. Alilia mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena aliuliza mtoto yupo? Nikasema yupo. Akasema baba, huyo naye usimpoteze.

Jumapili, 15 Machi

Baada ya ibada Ndayikeza kanishika mkono. Anasema mtoto ananyonya vizuri, ameanza kurukaruka, atakaa naye mpaka aache ziwa. Ebo! Kumbe ndiyo hiyo, kuragiza kwa mlango wa nyuma! Na mimi nilikuwa karibu kumshukuru.

Nimekwenda mchana huu huu, nimemtoa. Ndayikeza kanifuata mpaka njiani, anasema bila maziwa hamalizi wiki, na yeye hataki fungu wala shukrani. Wote husema hivyo. Mimi nitampa uji.

Redio imesema kesho mvua nyingine, kali kuliko ile. Sina wasiwasi. Nimekaa nikafikiri vizuri na kosa nimeliona: mawe yalikuwa mepesi. Bati nimelirudisha, na mawe nimeyapandisha tena. Mtoto nimemfunga kwenye nguzo ya katikati. Analia tu, atazoea.

Limepungua jiwe moja la kukandamiza ule upande ulioinuka. Zito kweli kweli. Lipo lile la kichwani.

Nimeshamwomba Esteri. Hakukataa.