Kiti Chini ya Nguzo ya Kona

Jumatano, 5 Novemba
Denise amepiga simu. Jumapili anakuja Pittsburgh na mchumba wake, Todd, kuangalia mechi ya futiboli ya Kimarekani. Kama kawaida, kabla ya mechi mashabiki tutaegesha magari nje ya uwanja na kuchoma soseji hapo hapo. Amemwambia kijana wa watu kwamba baba yake ndiye mwenye nguzo ya kona, ile ya taa iliyo karibu na lango la uwanja, ambapo kila apitaye husimama kusalimia na kuonja soseji. Maneno hayo nilimwambia mimi. Miaka na miaka. Ukweli: nguzo ile ni ya jirani yangu Stan Hrabovsky, ambaye hufika kabla ya jua. Mimi huegesha kule nyuma, penye vyoo. Binti yangu akinikuta kule, uso wangu nitauweka wapi?

Alhamisi, 6 Novemba
Nimepata! Uwanja ni mmoja, timu ni mbili. Jumamosi wanacheza watoto wa chuo, Jumapili wakubwa, wale wa kulipwa. Stan hataki hata kuwasikia watoto wa chuo. Basi Jumamosi naegesha penye nguzo, nikiondoka naacha kiti. Mji huu, kiti kilichoshika nafasi ya gari hakiguswi. Hata polisi hukizunguka. Mke wangu Loretta amenikumbusha kwamba mimi mwenyewe huwaita wale vijana watoto waliovaa helmeti za baba zao. Nimemwambia hajui mikakati.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimevaa sweta ya chuo. Inabana. Wanafunzi wamenilisha, wameniita mzee wetu, nimeimba wimbo nisioujua. Tumefungwa, na nimesikitika kidogo, jambo la ajabu. Jioni nikaacha kiti cha mbao cha barazani chini ya nguzo. Mlinzi akasema lazima wafagie. Nikamwonyesha kiti. Akasema, "Aa, kama ni kiti, sawa," akaenda zake.

Jumapili, 9 Novemba
Kiti nimekikuta. Stan amekikalia, anakunywa kahawa, pikapu yake imeshaegeshwa. Nikamwambia kwa upole kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Akasema, "Kinaye, jirani. Loretta alikiazima kwa mke wangu Krismasi. Asante kwa kunishikia nafasi."

Nikamweleza yote: Denise, Todd, uongo wangu wa miaka. Nilikuwa karibu kulia. Stan akanitazama, akainuka, akanipa koleo la kugeuzia soseji. Denise alipofika, Stan akamwambia, "Leo baba yako kanikaribisha. Bila yeye ningekuwa kule vyooni." Binti yangu akanishika mkono mbele ya Todd. Sijafurahi hivyo siku nyingi, na sikustahili.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimewaza sana. Mtu mlaini kama Stan hawezi kuilinda nguzo ile kwa muda mrefu. Na kosa langu nimeliona: kiti kilikuwa cha kuazima. Jumamosi ijayo watoto wa chuo wanacheza tena. Napeleka sofa. Ni letu kabisa. Loretta anauliza tutakalia nini.