Ngoma ya Papa Barthélemy na Motokari Nyekundu

Jumatatu, tarehe 1 Machi 1954. Shambani kwa Bwana, karibu na Lushebere.

Bwana amekwenda Ulaya! Ameniachia mimi, shofere wake, ile motokari nyekundu ya viti viwili, isiyo na paa, inayonguruma kama chui aliyekanyagwa mkia. Amri yake: niiwashe kila asubuhi, niizungushe uani, basi. Sawa. Lakini ua unaishia wapi? Hakusema. Mimi nimeona unaishia Sake.

Tena nina haja nayo. Nimemposa Anastasie, binti ya Papa Barthélemy, mlinzi wa barieri ya barabara pale juu ya mteremko. Ndayambaje naye kamposa. Ndayambaje! Shofere wa kamyo la viazi, anayepiga honi kila kona hata kama mbele hakuna kitu ila mbuzi. Jibu litatoka Jumapili baada ya misa. Nikimkosa Anastasie nahamia Walikale, nikaishi porini na kula asali peke yangu.

Jumatano, tarehe 3.

Nimepita mbele ya nyumba yao. Nikarudi. Nikapita tena. Kona ya mikaratusi nimeikata, huiii! Vumbi likafunika muhogo aliokuwa anauanika Anastasie. Kaniambia kwamba sasa itabidi auoshe upya, na kwamba mimi ni mjinga wa kupimwa kwa debe. Lakini alicheka kidogo. Meno niliyaona!

Watu wanasema nakimbiza sana. Uongo mtupu. Mimi ni mtu wa usalama. Kabla ya kila kona nafanya ishara ya msalaba. Ndayambaje anasema mkono huo ungekaa kwenye usukani. Wivu huo.

Alhamisi, tarehe 4.

Papa Barthélemy katuita wote wawili. Kasema anataka mkwe ambaye gari lake linafika zima. Kisha akatueleza tena habari za barabara yake. Haitoshi magari mawili kupishana, ila pale mahali papana katikati. Gari likitaka kushuka, yeye anapiga ngoma, mlinzi wa kule chini, upande wa Sake, anajibu na kufunga barieri yake, ndipo watu washuke. Ngoma isipolia, wa chini wanapanda. Nilisinzia. Habari hii naijua kama Baba Yetu.

Mpango umenijia palepale usingizini. Jumamosi nitampandisha Papa Barthélemy mwenyewe, nimpeleke sokoni Sake. Mzee akishakaa kwenye kiti kile, ataninyima nini?

Jumamosi, tarehe 6.

Mungu wangu.

Asubuhi nilimletea kasiksi, pombe ya ndizi, tukanywa kidogo. Nikamfunga kofia kwa kitambaa. Nikafungua barieri mwenyewe, kwa heshima. Tukashuka! Kona ya kwanza Papa Barthélemy alipiga kelele. Kona ya pili alicheka kama mtoto, akasema, kaza, mwanangu! Mwanangu! Nikajua Anastasie ni wangu. Nikakaza.

Ndipo akaacha kucheka. Akaniuliza, "Honoré, nani iko anapiga ngoma kule juu, na mimi niko hapa?"

Nikamtazama. Akanitazama. Mimi nilidhani amepiga yeye kabla ya kupanda. Yeye alidhani nimeacha mtu pale. Bonde upande mmoja, ukuta wa mlima upande mwingine, na kutoka chini, honi. Honi ya kila kona.

Nilikanyaga kila kitu kilichokuwa chini ya miguu yangu. Tulipozunguka kona nikaliona kamyo la Ndayambaje limebanwa kabisa ukutani, pale mahali papana, limesimama, linangoja. Tukalipita kwa nafasi ya kiganja na kuishia kwenye shamba la maharage la Mama Verdiane, kando ya barabara. Wazima! Papa Barthélemy alikuwa amenishika shingo na hakutaka kuiachia.

Nikamuuliza Ndayambaje kwa nini alisimama. Kasema alisikia ngoma.

Ngoma gani? Anastasie! Alikuta barieri wazi na baba hayupo, akapiga mpaka viganja vikavimba; sisi na mngurumo wetu hatukusikia kitu. Nimelia, nakiri, mbele ya Ndayambaje, naye akanivuta kwa kamba mpaka juu, akipiga honi kila kona. Hilo njo liliniuma zaidi.

Taa moja imebaki kwenye maharage. Bwana akirudi nitamwambia ilivunjikia uani.

Jumapili, tarehe 7.

Baada ya misa Papa Barthélemy kasema jibu atatoa Anastasie mwenyewe. Mikono ya Anastasie ilikuwa imefungwa majani ya dawa. Nilitaka ardhi inimeze. Kasema Ndayambaje ni mtu mwema, ila akizungumza naye anasikia usingizi. (Yesu asifiwe!) Kasema mimi ananipenda, ndiyo, kwa bahati yake mbaya. Lakini hatakaa kamwe kwenye gari la mtu asiyengoja ngoma. Nina mpaka Pasaka kumwonyesha kama nimepata akili.

Nampenda mwanamke huyu. Nitabadilika. Usiku kucha nitafikiri.

Jumatatu, tarehe 8.

Nimefikiri. Kosa lilikuwa wapi? Ngoma ilikuwa mbali na gari.

Alfajiri, Papa Barthélemy akiwa bado amelala, nimeipima ngoma yake kwa kamba. Inaingia sawasawa kwenye kiti cha pili. Mkono mmoja usukani, mmoja ngomani, tunashuka tukipiga wenyewe, hakuna kungoja mtu! Anastasie atashangaa. Leo namwambia.

Atakaa wapi yeye, hilo bado sijalifikiria.