Kesi ya Dereva Aliyesimama na Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha! Filamu niliyoigiza ilionyeshwa jana kwenye ukumbi wa shule, mtaa mzima ukaiona, na leo hakuna anayetaka nimnyoe. Mimi, kinyozi wa miaka tisa! Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa kila Jumatatu, amekaa kitini, akanitazama kwenye kioo, akasema leo mkasi tu, wembe niuache. Wa pili hakukaa kabisa.

Kosa langu? Nimecheza dereva wa tajiri. Tajiri anabanwa na moyo, ananyoosha mkono, chupa ya dawa ninayo mimi. Nasimama. Nasimama tu. Picha inakatika, tunaonyeshwa kiti kitupu. Basi! Kafa? Kapona? Kaenda chooni? Hakuna ajuaye, lakini mtaa umeshanihukumu.

Hayo ningeyameza. Lakini Mama Mkwe, ambaye umebaki mwezi mmoja awe mkwe wangu kweli, ana presha na humeza vidonge asubuhi na jioni. Amemwambia mchumba wangu kwamba mtu wa namna ile haingii nyumbani kwake. Na mimi yule binti nampenda mpaka najionea huruma.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Sheria! Nimekwenda kwa wakili aliye juu ya duka la madaftari, nikamwomba anisafishe, yaani amsafishe dereva. Alicheka kwanza. Kisha akavaa miwani. Dereva aliajiriwa kufanya nini? Kuendesha gari. Nani alimkabidhi kazi ya kumpa mgonjwa dawa? Hakuna. Maiti ilionekana? Haikuonekana. Akapiga chapa kurasa mbili, akagonga muhuri. Nimeshuka ngazi kifua mbele.

Aliuliza pia kwa nini dereva alisimama. Nikamwambia hilo ni fumbo la sanaa. Humu hasomi mtu, kwa hiyo naandika: nilisahau. Nilitakiwa kumpa chupa na kusema “Shika, mzee.” Maneno mawili! Yakaniruka, nikabaki nimekodoa macho. Mwongozaji akapenda, akasema tuiache hivyo hivyo. Tangu hapo nimemtangazia kila mtu kwamba lilikuwa wazo langu. Sasa nitarudi nyuma vipi?

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nimekwenda kwa Mama Mkwe na suti ya kaka yangu, nikamsomea yeye na binti yake kurasa zote mbili. Nilipofika pale pa “dereva hakuwa na wajibu wowote kisheria wa kumpa mwajiri wake dawa,” nikarudia, ili paingie vizuri.

Mama Mkwe akaweka kikombe chini.

“Kwa hiyo mimi nikianguka hapa, baba, utakwenda kwanza kusoma mkataba wako?”

Nikajibu inategemea umeandikwaje. Sijui nilikuwa na akili gani! Mdomo uliponza kichwa. Mama wa watu akainuka taratibu, akachukua vidonge vyake vilivyokuwa mezani karibu yangu, akaingia navyo chumbani.

Mchumba wangu alinisindikiza mlangoni, macho mekundu. Alisema hataki karatasi wala muhuri.

“Niambie mimi tu. Pale uliposimama, ulikuwa unawaza nini?”

Neno lilikuwa ulimini. Nilisahau. Lingetoka, angecheka, mama yake angecheka, yangekwisha. Badala yake nikainua kidevu, nikasema msanii hatoi siri za kazi. Amenipa mpaka Jumapili mchana. Baada ya hapo kila mtu ashike njia yake. Nimerudi nyumbani sikuweza hata kula.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuata mwongozaji ofisini kwake, anithibitishie kwa maandishi kwamba tajiri yu hai. Amekataa. Amesema mwenyewe hajui, na hata angejua asingesema, kwa sababu watu wakibishana ndipo wanarudi kuitazama tena. Nikapiga magoti. Nikamshika mguu. Mwishowe akaingiwa na huruma, akaandika na kutia sahihi:

“Huyu bwana hakumwua mtu. Hakuwa akiwaza chochote. Alisahau maneno yake, na nilipomkumbusha akayasahau tena.”

Tena! Na akaisoma kwa sauti mbele ya mpiga picha wake, ambaye alilazimika kutoka nje kucheka. Lakini barua ninayo. Yote yamo humo, Mama Mkwe hana la kuuliza tena.

Jumapili, 9 Machi

Saa nne asubuhi nilikuwa getini kwao, barua mkononi. Mchumba wangu alikuwa dirishani. Akatabasamu, mara ya kwanza wiki nzima, akaashiria anakuja kufungua. Nikaisoma barua mara ya mwisho. “Akayasahau tena.” Damu ikanipanda kichwani. Nisomwe hivyo mbele ya wakwe? Mimi?

Nikageuka. Nimekwenda moja kwa moja nyumbani kwa wakili, nikamkuta mezani anakula. Nimemwambia namshtaki mwongozaji kwa kunichafulia jina, na ushahidi huu hapa, kwa mkono wake mwenyewe. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayeihitaji barua hii leo. Nikamwambia hakuna, aitie kwenye faili.

Jioni pete ya uchumba imerudi ndani ya bahasha, bila neno. Nimelia mpaka kwikwi. Lakini kesi tunashinda. Wakili hajasema hivyo, ila nimemsoma usoni.