Keki ya Kumrudisha Rachida

Jumatatu, tarehe 6, mwezi wa tano
Nyumba kimya. Mke wangu Rachida amekwenda kwa mama yake, Kabambare. Kosa langu? Dogo sana! Jana kwenye harusi ya jirani nilionja keki aliyooka Pascaline, nikasema tangu nioe sijala kitu kitamu namna hii. Kumbe sauti yangu inafika mbali. Dada yangu Mwamvita anasema desturi ni moja tu: nipande pikipiki, niende mwenyewe ukweni, niombe msamaha kwa mdomo wangu mbele ya mama mkwe. Mimi Asani, mwenye duka hapa Kasongo, nipige magoti? Thubutu! Nitatuma keki. Itaongea badala yangu.

Jumanne, tarehe 7
Nimekagua akiba. Sinunui kitu; mwanaume mwenye akili hutumia alichonacho. Kwenye kongelateri, lile friji la kugandishia la dukani, kuna ndizi mbivu zilizoganda, siagi nusu kopo, na samaki wa Nyangwe wa mama Véronique, jirani anayehifadhi kwetu. Ndizi zilikuwa zimelaliwa na samaki. Nilizinusa. Si kitu, sukari itafunika. Stoo kuna karanga, maziwa ya unga, na mfuko wa unga. Mweupe kabisa! Bahati gani hii!

Mwamvita alipita, akachungulia mfuko, akauliza kama najua huo ni unga wa nini. Nikamjibu unga ni unga. Alicheka mpaka akashika mlango. Wivu tu.

Jumatano, tarehe 8
Nimeoka! Sufuria ndani ya sufuria, mchanga wa moto chini, makaa juu ya kifuniko. Saa moja ikapita, keki haijaumuka. Nikaongeza makaa. Saa mbili, bado. Ila imeshikamana vizuri: nilichomeka kijiko, kikasimama chenyewe. Nimenyunyiza karanga juu. Sikuonja. Zawadi haionjwi.

Nimekula wali mkavu peke yangu. Nimemkumbuka sana Rachida, sifichi. Lakini magoti, hapana.

Alhamisi, tarehe 9
Hemedi mwenye pikipiki ameondoka nayo, kaifunga nyuma kwa mpira. Alipoinyanyua aliuliza kama ni betri ya sola. Nimemwonya asiseme neno lolote kule. Akabidhi tu, anyamaze.

Jumamosi, tarehe 11
Hemedi amerudi. Aibu! Kisu cha mama mkwe kilikwama katikati. Akamega kwa mkono, akafinyanga tonge, akaagiza mboga ya sombe iletwe. Kisha akashukuru: “Mukwe wangu alituma bugali. Sukari iko mingi, lakini samaki iko tayari ndani.”

Kumbe ulikuwa unga wa muhogo. Mtu si angeniambia!

Rachida alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Halafu akafuta machozi, akamuuliza Hemedi kama nimetuma neno lolote. Hemedi, mtiifu, akanyamaza. Rachida hakucheka tena.

Jumatatu, tarehe 13
Rachida amerudi! Vumbi mpaka kwenye kope. Hakunisalimu. Alifungua kongelateri, akanusa, akafunga. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akauliza kama nina la kumwambia. Jamani, neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi! Nikamuuliza karanga zilikuwaje.

Akasema mama yake ndiye kamrudisha, maana mwanaume aliyeachwa peke yake na sufuria anaweza kuua mtaa mzima. Na lile neno ninalomficha atalingoja hapahapa, kwenye kiti hicho, hata mwaka.

Basi keki imefaulu. Mke si yuko nyumbani? Jioni Hemedi amekuja kichwa chini: mkewe naye amenuna, amekwenda kwao Lusangi, na wakwe wanamwita Hemedi mwenyewe. Nimemwambia asithubutu kwenda kuomba msamaha, awashe makaa tu, nakuja.