Malalamiko ya Mume Asiyehojiwa

Aminieli Ndelilio,
Mkulima, na mpishi mstaafu wa wapanda mlima,
Mteremkoni, juu ya Moshi.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mkuu wa Idara,
Idara ya Ushauri Nasaha na Saikolojia ya Makuzi,
Chuo Kikuu anakosoma mke wangu.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: KUTOGOMBEZWA, KUTOHOJIWA, NA TAI YANGU

Kwa masikitiko makubwa naitaarifu Idara yako kwamba leo, saa moja na robo asubuhi, niliingia jikoni na buti zenye kinyesi cha ng'ombe, nikakanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki, na mke wangu hakunigombeza. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Hakuna aliyefariki, hakuna aliyelazwa, na ng'ombe wote wawili ni wazima. Lakini nimeona uongozi ujue.

Mke wangu ni Mwalimu Eunike, mwanafunzi wenu wa shahada ya uzamili. Mnamfahamu. Ana miaka hamsini na moja, anakaa mstari wa mbele, na huuliza maswali mpaka wenzake wameshafunga madaftari. Mimi ndiye niliyemhimiza asome. Nilidhani shahada ni kitu ambacho mtu anashuka mjini kukichukua, anarudi nacho, kinawekwa ukutani. Sikujua kwamba itakuja kukaa na sisi na kula na sisi. Baada ya kuvumilia kwa muda mrefu, naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Kusikilizwa kupita kiasi.

Zamani nikichelewa kurudi nilikuwa najua nitakachokikuta. Kwanza buti, kisha ng'ombe ambaye hajakatiwa majani, mwisho mama yangu mzazi, marehemu, na jinsi alivyonilea. Ilichukua robo saa, tukala, tukalala. Tangu mlipomfundisha somo linaloitwa Stadi za Kusikiliza, anaweka kalamu chini, ananitazama kwa upole na kusema, "Naona leo umechoka, Baba Calvin. Unajisikiaje?"

Ndugu Mkuu, nina miaka hamsini na saba. Nimepika katika hema, kwenye upepo, kwa wageni kumi na wanne wanaotapika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninajisikiaje. Nikasema, "Najisikia njaa." Akasema, "Mh." Ni "mh" moja tu, lakini imekaa kama mlango ulioachwa wazi, na mtu unajikuta umeingia. Wiki hiyo nilikiri mwenyewe kwamba ile chupa ya chai ya mwaka 2011 haikuvunjwa na paka.

2. Ubaguzi katika utafiti.

Hili ndilo kubwa. Utafiti wa mke wangu unahusu mawasiliano kati ya akina baba wa mteremkoni na watoto wao wa kiume waliohama nyumbani. Amehoji akina baba na amehoji vijana, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja amepewa namba badala ya jina. Mimi ni baba. Ninaishi mteremkoni. Nina mtoto wa kiume, naye amehama. Kwa sifa hizo ningeweza kuwa profesa.

Siku ya kwanza ya mahojiano nilivaa koti, nikaketi barazani kwenye kiti cha wageni. Mke wangu akaja na daftari, akanipita. Nikamwita. Akasema, "Baba Calvin, maadili ya utafiti hayaruhusu. Mtafiti hahoji jamaa zake."

Nikamuuliza, "Hata kama jamaa yake ndiye mwenye tatizo?"

"Hasa huyo," akasema, akaenda kumpokea jirani aliyekuja kuhojiwa.

Kwa kuwa sijahojiwa, nitajihoji mwenyewe hapahapa. Calvin ni mwanangu wa mwisho, na kwa desturi yetu wa mwisho ndiye anayebaki kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, migomba, kahawa na makaburi ya babu zake. Yeye akafungua duka la kinyozi mtaa wa Soweto, Moshi mjini. Krismasi ya mwaka juzi, ukoo wote ukiwa nyumbani na mbuzi ameshachinjwa, nilikuwa nagawa nyama. Kila mtu ana kipande chake na anakijua. Nilipofika kwa Calvin nikampita, nikasema kwa sauti, "Hii ni ya wenye mashamba. Vinyozi watajinunulia." Watu wakacheka. Nilicheka pia. Yeye akaosha mikono, akashuka mjini. Krismasi iliyopita hakupanda. Ya mwaka huu imebaki wiki sita na siku nne, si kwamba nahesabu.

Hayo yote ni data, Ndugu Mkuu. Imekaa bure barazani.

3. Majivuno ya Bwana Filemon.

Jirani aliyehojiwa siku ile ni Filemon, mwenye bucha. Aliingia kwangu akiwa mchinjaji, akatoka akiwa mshiriki wa utafiti. Alipewa soda, na mayai mawili ya kuku wangu. Tangu hapo haambiliki. Jumapili baada ya ibada, wakati wa mnada wa mazao ya sadaka, nilipandisha dau kwenye mkungu wa ndizi, yeye akapandisha, nikapandisha. Akanigeukia mbele ya wazee wa kanisa: "Mwachieni msomi. Wewe Aminieli umehojiwa wapi?" Mkungu akauchukua yeye. Ni mkungu nilioutoa mimi.

4. Mtori.

Kila Jumamosi nawapikia wanafunzi wenu wanaosomea kwangu mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Hilo silalamikii, nataja tu liwe kwenye kumbukumbu.

5. Hatua za makuzi.

Anayesoma na mke wangu Jumamosi ni binti mmoja wa Njoro anaitwa Shani, mwanafunzi wenu wa saikolojia ya makuzi. Ni mtoto mwenye adabu, hawezi kukaa kabla hajasema shikamoo baba, na mtori anaongeza. Yeye anachunguza watoto wa miaka mitatu: lini wanajifunza kusema samahani bila kulazimishwa. Ana jedwali lenye hatua zote za binadamu, kutoka kuzaliwa hadi uzee. Nikamwomba anitafutie nilipo. Akapitisha kidole, akasema kwa umri wangu niko kwenye hatua ya kuandaa nitakachowaachia wanaonifuata. Nikafurahi. Kisha akaniuliza maswali machache, akatazama tena jedwali, akakohoa. Nilipochungulia, kidole chake kilikuwa kwa wale wa miaka mitatu.

Nikamwambia, "Mwanangu, sisi huku tulikuwa na ushauri nasaha kabla chuo chenu hakijachimbwa msingi. Ukimkosea mtu kosa la kweli, unakata jani la isale kwenye uzio, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, kesi imekwisha, na sijawahi kuona mtu akilikataa. Programu yenu ni miaka miwili. Isale ni mwendo wa kutoka hapa hadi uani."

Mke wangu, ambaye nilidhani anasoma, akasema bila kuinua kichwa, "Na mwendo huo umekushinda nini, Baba Calvin?"

Nikamweleza kwamba baba hapeleki isale kwa mtoto. Mtoto ndiye anayeleta. Akasema, "Mh."

6. Tai.

Maandishi ya mahojiano yanatakiwa yakae mahali penye kufuli. Mahali pekee penye kufuli nyumbani kwetu ni droo ya chini ya kabati la nguo, na humo ndimo inamokaa tai yangu. Sasa tai yangu ni siri ya utafiti. Nimekwenda kanisani Jumapili tatu shingo wazi. Nikiomba droo ifunguliwe naambiwa nisubiri atoke darasani. Filemon amekuwa akija na tai mbili tofauti.

Kwa sababu hizo, naiomba Idara yako:

(a) ibadilishe kanuni zake ili mume aruhusiwe kuwa jamaa na mshiriki kwa wakati mmoja, nami nipewe namba, hata kama ni ya mwisho;

(b) kama hilo haliwezekani, initunuku astashahada ya Kusikilizwa, kwa kuwa nimehudhuria miezi kumi na minne bila kukosa;

(c) imwagize mwanafunzi wake anigombeze walau mara moja kwa wiki, siku atakayoichagua yeye, maana nyumba imekuwa kimya, na katika ukimya huo nasikia mambo yangu mwenyewe;

(d) irudishe tai.

Nisalimie wahadhiri wote, msimamizi wa mke wangu ambaye nasikia ni mkali (mpe pole, naye kapata mwanafunzi), katibu muhtasi, na yule mlinzi wa getini aliyekataa kuniruhusu kuingia na kreti ya parachichi. Shani atawaletea barua hii, na mtori kidogo kwenye chupa.

Wako katika kungoja majibu na namba,

Aminieli Ndelilio
Mume wa Mwanafunzi, Asiye Mshiriki

NYONGEZA, Ijumaa 14 Novemba.

Barua hii haikuondoka. Shani alipokuja kuichukua nilikuwa mtu mwingine, na inabidi niseme ukweli.

Jumanne kulikuwa na mazishi ya mzee mwenzetu wa kanisa. Mke wangu alikuwa chuoni. Nikaona siwezi kumzika mtu shingo wazi. Kabati lile nilisimama mwenyewe fundi akilitengeneza, najua kwamba ukiitoa droo ya juu yote, mkono unafika ya chini. Nikaipata tai. Ilitoka na karatasi.

Ningeweza kuzirudisha. Juu palikuwa pameandikwa Mshiriki Namba 12, kijana. Sitayarudia maneno yake, nimeshayaiba mara moja, inatosha. Nitasema tu kwamba kijana huyo aliaibishwa na baba yake mbele ya watu, na kwamba anasubiri. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaketi kitandani, nikasoma tena. Nikasema, huyu ni Calvin.

Mazishini sikwenda, Mungu anisamehe, nasikia Filemon alivaa nyeusi. Nilikwenda uani, nikakata isale, nikalifunga fundo, nikashuka Soweto nikiwa na tai.

Duka lilikuwa na wateja. Aliyekuwa kitini, bwana mmoja anaitwa Fikirini, alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Calvin aliniona kwenye kioo, akazima mashine. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, ikapotea. Nikanyoosha jani. Fikirini akatutazama, akauliza, "Mzee, hilo nalo ni la kunyolea?"

Calvin hakucheka. Akafuta mikono kwenye taulo, akalipokea kwa mikono yote miwili. Akaliweka kwenye rafu mbele ya kioo, katikati ya poda na mafuta. Akasema, "Shikamoo baba. Kaa, nimalizie huyu." Nikakaa. Kisha akaninyoa mimi. Alipokuwa nyuma ya kichwa, ambapo sikuweza kumwona, nikasema lile neno ambalo watoto wa Shani wanalisema wakiwa na miaka mitatu. Mashine ilisimama kidogo, ikaendelea. Kuhusu Krismasi alisema ataangalia. Kisha akasema nisinyolewe tena kwa mtu mwingine.

Jioni nilimwambia mke wangu kwa fahari: "Mshiriki wako Namba 12 tumepatana."

Akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza hakusema "mh". Akasema, "Aminieli. Mtafiti hahoji jamaa zake. Calvin ni nani wangu?"

Ndugu Mkuu, kanuni hiyo nimeilalamikia kurasa nzima. Naijua kwa moyo. Na haikunijia hata mara moja kwamba iliyonizuia mimi ilimzuia na mwanangu pia.

Baada ya hapo aligombeza. Kwa Kichagga na kwa Kiswahili, kutoka saa moja hadi karibu saa mbili, buti, ng'ombe, mama yangu, na kabati. Sijawahi kula nikashiba vile. Kisha akalia, na hapo nikaacha kufurahi. Alisema washiriki walimwamini, na kwamba Jumatatu atakuja kwenu mwenyewe kueleza kuwa siri imefunguliwa, nanyi mkitaka kuuzuia utafiti wake mtauzuia.

Kwa hiyo malalamiko namba 1 hadi 6 nayafuta, na maombi (a) hadi (d) nayafuta. Ombi limebaki moja. Aliyefungua droo ni mimi. Yeye alifunga, ufunguo alikuwa nao shingoni. Mkitaka kumwadhibu mtu, mimi nipo, siku zote nipo, isipokuwa saa ya kukamua. Nimeshanunua kasha la chuma, na funguo zote mbili anazo yeye. Tai yangu inaning'inia kwenye msumari.

Na kuna jambo linalonikosesha raha. Mshiriki Namba 12 bado anasubiri. Niliyachukua maneno yake nikampelekea mtoto mwingine, yeye hajapata kitu. Sijui ni nani na sitauliza. Lakini kama kanuni zenu zina njia yoyote, baba yake aambiwe kwamba masale yapo kwenye uzio wangu, upande wa geti la chini, mengi na mabichi. Aje akate. Hana haja ya kubisha hodi.