Kofia Mbili za Kuingilia Seva

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimepanda cheo! Dada amenifanya msimamizi wa seva kwenye karakana yake ya meno ya bandia. Ndiyo ile kompyuta kubwa chini ya ngazi, inayotunza vipimo vya mataya ya wateja wote. Wenzangu huingia humo kutoka kwenye kompyuta za meza zao. Leo imegoma. Muda wa majaribio umekwisha. Bila leseni, inapokea watu wawili tu kwa wakati mmoja. Dada akaniagiza ninunue leseni. Nikampigia muuzaji. Akasema zile nafasi mbili ni za fundi wa kuihudumia seva, si za kazi za kila siku, tena anayezitumia anaweza kugusa kila kitu humo ndani. Nikamshukuru, nikakata simu. Leseni za nini, na sisi ni watu wazima tunaojua kupokezana?

Jumanne, tarehe 4
Nimekuja na kofia mbili. Aliyevaa kofia ndiye anayeingia kwenye seva. Akili hizo! Nenosiri moja kwa wote: meno32. Kufika saa nne, vita. Bibi Mapokezi kang'ang'ania yake, haivui. Ya pili kavaa fundi mchongaji. Nikaingia kichwa wazi, mara moja tu, seva ikamtupa fundi nje, na taya alilokuwa akilichora likiwa nusu. Hakunitukana. Alivua kofia, akanivisha, akaenda kunywa maji. Afadhali angenitukana.

Jumatano, tarehe 5
Mafua. Lakini mimi si wa kushindwa. Jana jioni niliifungua seva ipokee mtu kutoka popote kwenye intaneti. Leo nimefanya kazi kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Raha iliyoje! Bibi Mapokezi akapiga simu kulalamika kwamba namfukuza kwenye seva kila anapoingia, na kwamba wamempima mwalimu mstaafu. Jumamosi anamwoza binti yake, na ameapa hatoi hotuba bila meno. Kisha fundi akachukua simu. Eti mlango huo wanauona wezi wa dunia nzima, na nenosiri letu hata mtoto angelikisia. Wivu huo! Nikamuuliza ni mwizi gani mwenye akili timamu anayetaka fizi za watu.

Alhamisi, tarehe 6
Wapo.
Mafaili yote yamefungwa. Kwenye kioo cha kompyuta kuna barua ya wezi: tulipe ndipo wayafungue. Wamepita mlango wangu, kwa meno32. Taya la mwalimu limo humo. Dada hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasema taratibu kwamba shemeji alimwonya asiniajiri, naye akanitetea mbele ya ukoo mzima. Nilijifungia stoo nikalia.

Ijumaa, tarehe 7
Bibi Mapokezi amefungua droo, akatoa diski. Kumbe tangu niajiriwe ananakili vipimo vyote kila jioni! Hajawahi kuniamini hata siku moja, Mungu ambariki. Nakala ya mwisho ni ya Jumanne, maana Jumatano mimi ndiye niliyekuwa namfukuza. Kwa hiyo wateja wote wamepona isipokuwa mwalimu. Nilimfuata kwake mwenyewe, nikamsihi aje apimwe upya. Alikuja amenuna. Nilipomshikia kijiko cha kupimia alinibana kidole kwa fizi, kwa makusudi. Nilistahili. Fundi hakunyanyua kichwa siku nzima. Nilimshikia taa.

Jumamosi, tarehe 8
Mwalimu amevaa meno asubuhi, akajichekea kwenye kioo mpaka tukaona haya kumtazama. Dada amenunua leseni, ameufunga ule mlango, na kila mtu ana nenosiri lake. Mimi ni marufuku kugusa seva, hata kesho kutwa fundi atakaporudisha humo vipimo kutoka kwenye diski. Haki yake. Nilidhani atanifukuza, akanishika bega, akasema nibaki nipokee simu. Nimeapa: njia za mkato, basi tena!

Jumapili, tarehe 9
Harusini jana nilirekodi hotuba yote ya mwalimu, muda wa saa mbili na nusu, kila jino linaonekana. Kesho nitamwonyesha dada aone kazi yake ilivyopendeza. Huenda akanisamehe kabisa. Simu yangu imejaa, kwa hiyo nimepitia karakana nikachukua diski ya Bibi Mapokezi. Seva sijaigusa, ahadi ni ahadi. Diski nayo ilikuwa imejaa. Bahati nzuri vilikuwa vipimo vya zamani tu. Nimevifuta vyote.